Misitu ya Kaya za Mijikenda na Wanyakuzi wa Ardhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota barazani, matangani na ndani ya matatu za Ukunda na Likoni, popote mtu anapojua kwamba najishughulisha na misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Mengine ni ya wenyeji, mengine ya wageni walionunua ploti jirani, na machache ni ya watu waliokuja wakiwa wamechelewa. Yameanzia mepesi na kuishia yale ya kuumiza kichwa. Mimi si wakili. Hapa utapata pa kuanzia, na kesi yenyewe mpelekee mwenye taaluma yake.

## Kaya yenyewe

1. Kaya ni nini hasa?

Msikilizaji wa redio anajua kaya kama nyumba moja yenye watu wanaokula chungu kimoja, ile inayohesabiwa wakati wa sensa. Kwa Mijikenda neno hilo ni pana zaidi: kaya ni mji wa asili wa ukoo mzima, uliojengwa katikati ya msitu. Wazee husimulia kwamba watu walishuka kutoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui, wakapanda vilima vyenye miti minene. Katikati palifyekwa uwanja, nyumba zikajengwa, fingo la kuulinda mji likazikwa, na njia chache zikaachwa zenye malango. Ukuta wa mji ulikuwa msitu wenyewe, na kukata mti kulikuwa sawa na kutoboa ukuta wa jirani yako usiku.

Kwa maelezo ya UNESCO, miji hii ilianza karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imehamwa. Watu walitoka kufuata mashamba na kazi, makaburi yakabaki. Kwa hiyo anayekwambia kaya ni pori lisilo na mwenyewe, mjibu kwamba ni mji ambao wenyewe wamehamia ng'ambo ya barabara tu.

2. Kaya ziko ngapi, na ziko wapi?

Mijikenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Misitu yao inazidi 40, imetawanyika hasa katika kaunti za Kwale na Kilifi. Mingine ni midogo kiasi kwamba ukipita barabarani unadhani ni kichaka cha shule. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ina takriban hekta 30. Kaya Fungo ya Wagiriama ni kubwa mara kadhaa ya hiyo.

Kumi kati ya hizo (au 11, kwa hesabu nyingine) ndizo zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 (tazama swali la 8). Zilizobaki si takatifu kidogo. Hazikuwamo kwenye faili tu.

3. Kama hakuna anayeishi humo, utakatifu wake uko wapi?

Humo wamezikwa waanzilishi wa koo. Humo wazee huingia kuomba mvua, kuondoa nuksi, kutakasa kijiji baada ya damu kumwagika, kuapisha. Koma, yaani roho za waliotangulia, hawajahama.

Na humo kuna historia ambayo hata asiyeamini koma anapaswa kuiheshimu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala kiapo cha kutowapa Waingereza vijana wala kodi. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri nguvu ilikotoka: Agosti 1914 iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Sijui ushahidi bora zaidi kwamba mahali fulani pana maana kuliko adui kubeba baruti hadi pale ili kupaharibu.

4. Miiko ni ipi?

Inatofautiana kaya hadi kaya, lakini mengi yanafanana. Hukati mti, hata fito. Huchungi ng'ombe wala mbuzi ndani. Hutoki kwenye njia. Huingii bila mzee aliyekubaliwa. Husemi maneno machafu wala kugombana humo. Anayevunja hulipishwa faini ya kuku au mbuzi wa kafara, na mara nyingi aibu huuma kuliko mbuzi.

Miiko hii ndiyo iliyohifadhi msitu. Sehemu kubwa ya misitu ya asili ya mwambao iligeuka mashamba ya mkonge, minazi na hoteli, na katika kaya wataalamu bado wanakuta mimea adimu ambayo nje imekwisha.

5. Naweza kutembelea?

Kaya Kinondo inapokea wageni tangu 2001, kwa mpango unaoendeshwa na jamii yenyewe. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, hata kama umevaa suruali ya bei gani, utamfuata mwenyeji, na kuna mahali utaambiwa kamera ibaki mfukoni. Kaya nyingine nyingi hazina mpango wa wageni, na "hapana" ya mzee hapo ni jibu kamili.

## Sheria na karatasi

6. Kisheria, kaya ni mali ya nani?

Jibu fupi linawaudhi wengi: inategemea faili. Kaya nyingi zilikuwa ardhi ya amana chini ya mabaraza ya kaunti ya zamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inataja miongoni mwa ardhi za jamii zile zinazotumika kama misitu ya jamii na mahali pa ibada za jadi, pamoja na ardhi za mababu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaongeza kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza mali ya mtu.

Tatizo liko ufukweni. Mwaka 1908 wakoloni walipitisha sheria ya hati katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Aliyeweza kwenda ofisini na kudai alipata hati. Mmijikenda aliyekuwa akilima bila karatasi akaamka siku moja ni maskwota juu ya kaburi la babu yake. Ndiyo maana kaya za Wadigo zilizo karibu na bahari zina historia chafu zaidi ya hati kuliko zile za vilima vya Rabai na Kaloleni.

7. Kutangazwa kuwa mnara wa kitaifa (mahali pa urithi panapolindwa na sheria) kunasaidia nini?

Hii ni miongoni mwa kinga kongwe za kisheria. Kuanzia 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya katika Gazeti Rasmi, kwanza chini ya sheria ya mambo ya kale na minara, na sasa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Zaidi ya kaya 30 zimeshatangazwa. Mwaka huohuo wa 1992 kikaundwa kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani ndani ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, chenye ofisi Ukunda na Kilifi, kwa msaada wa WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira.

Kaya ikishatangazwa, kukata, kuchimba au kujenga bila idhini ni kosa la jinai. Lakini tangazo halibadilishi mwenye ardhi. Linasema nini kisifanyike pale, halisemi pale ni pa nani. Watu wanalichanganya hili kila siku: wanashangilia tangazo la Gazeti, wanarudi nyumbani, halafu baada ya miaka kumi wanakutana na hati yenye jina la mtu. Mnahitaji vyote viwili.

8. Si tayari ni Urithi wa Dunia? UNESCO haitatulinda?

Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliorodheshwa 2008: Giriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe, tatu za Rabai, mbili za Duruma, na Kinondo kwa upande wa Wadigo. Ukizihesabu unapata 11, ilhali maandiko mengine ya UNESCO yenyewe yanasema 10. Usigombane na mtu kwa hilo. Mwaka 2009 mila na desturi zinazofuatana na kaya ziliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Soma tena maneno hayo ya mwisho: kwa haraka.

UNESCO haina polisi wala mahakama Kwale. Inachoweza ni kuiuliza serikali maswali mbele ya mataifa mengine, na serikali hazipendi hilo. Barua kuhusu kaya iliyo kwenye orodha itasomwa. Kwa kaya isiyokuwamo, hadhi hiyo haikuhusu kisheria, ingawa mbele ya hakimu inasaidia kuonyesha kwamba desturi yenu si hadithi ya kutunga.

9. Kaya yetu haijatangazwa. Tuanze vipi?

Wazee waandike barua kwa Makavazi ya Kitaifa, wakieleza jina la kaya, koo zinazohusika, mipaka, na matumizi ya sasa. Sisitiza "ya sasa". Mahali panapotumika pana nguvu kuliko panapokumbukwa. Makavazi hutuma watu kukagua na kupima. Waziri akikubali hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kulipeleka. Baada ya hapo tangazo huthibitishwa au kuondolewa. Miezi hiyo miwili ndiyo wakati wa kukesha, kwa sababu mwenye nia mbaya hupeleka pingamizi kimyakimya.

Sambamba na hilo, anzisheni usajili wa ardhi ya jamii. Ni kazi ndefu: orodha ya wanajamii, mkutano mkuu, kamati, ramani. Kwa uzoefu wangu kinachochelewesha si serikali peke yake. Ni sisi wenyewe tukibishana kijito kipi ndicho mpaka.

10. Inawezekanaje mtu awe na hatimiliki ya msitu wenye makaburi?

Kwa njia zisizo na maajabu yoyote. Kaya ilirukwa wakati wa upimaji wa mashamba, namba ikatolewa, mtu wa ndani akamwambia mtu wa nje. Au sehemu iliyozunguka kaya ilikuwa ya mtu kweli, na mstari ukasogezwa hatua mia wakati wa kugawa. Au barua ya ugawaji ilitoka kwenye meza ambayo haikuwa na mamlaka.

Habari njema ni kwamba hati si msahafu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa ufisadi. Na Katiba, kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana isivyo halali.

11. Lakini aliyenunua anasema yeye ni mnunuzi asiye na hatia.

Watasema hivyo wote. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichokuwa njia ya wananchi kwenda baharini. Mlalamishi alidai alinunua kihalali kutoka kwa mwenye hati. Mahakama ikasema: kama mzizi wa hati umeoza, kununua kwa nia njema hakuuponyi. Kesi ile haikuwa ya kaya, lakini ilikuwa ya ardhi ya watu wote iliyogeuzwa ya mtu mmoja, hapahapa pwani, na wakili wenu akiisahau mkumbusheni.

## Mkishaona bikoni

12. Tumekuta bikoni mpya ndani ya kaya. Kitu cha kwanza ni kipi?

Msiing'oe. Najua mkono unawasha. Kuharibu alama ya mpaka ni kosa, na mwenye pesa atafurahi sana kuwapeleka ninyi kituoni kabla hamjampeleka yeye kortini.

Ya kwanza niliyoiona mimi nilidhani ni kaburi la mtoto. Kitofali cha saruji kisichozidi kiganja, chuma kimechomoza katikati, rangi nyekundu bado inanata, na mita mbili kando yake shina la mti limechanjwa panga kuonyesha mstari. Mzee niliyekuwa naye aliigusa kwa ncha ya bakora, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo wameanza kukata." Hapakuwa na mti hata mmoja uliokatwa. Sasa nimemwelewa: kaya huuawa kwa karatasi kwanza, msumeno huja kuzika tu.

Kwa hiyo fuateni karatasi. Pigeni picha bikoni zote, pamoja na kitu kinachoonyesha mahali. Andikeni tarehe, saa, namba za magari, majina ya waliokuwapo. Mwambieni chifu kwa barua, si kwa mdomo, na mpate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha nendeni ofisi ya ardhi mkafanye sachi, yaani kutafuta jina la mwenye hati kwa namba ya kiwanja. Kama hamna namba, ramani ya eneo itaionyesha. Mkiambiwa faili halionekani, rudini. Kuna ofisi moja nilirudishwa mara nne. Ya tano faili lilikuwa juu ya meza, limefutwa vumbi.

13. Sachi imeonyesha jina la mtu. Sasa?

Ombeni msajili aweke zuio kwenye hati, ili isiuzwe tena mkiwa bado mnatafuta wakili. Hati ikipita mikono mitatu kesi inakuwa ndefu mara tatu. Peleka malalamiko pia Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Makavazi ya Kitaifa. Kaya ikiwa imetangazwa, Makavazi wana wajibu wao wenyewe wa kisheria. Si hisani wanayowafanyia.

14. Nani anaweza kwenda mahakamani? Ni lazima awe mzee wa kaya?

Hapana. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kutetea haki ya mazingira safi bila kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kifungu cha 22 kinaruhusu kesi kwa niaba ya jamii au kwa maslahi ya umma. Lakini kesi bila wazee inapwaya. Hakimu atataka kusikia mtu anayejua nani amezikwa wapi, na mtu huyo hawezi kuwa mwanaharakati wa Nairobi.

Mahakama inayohusika ni ya Mazingira na Ardhi, inayoketi Mombasa, Malindi na Kwale. Ombeni kwanza amri ya kusimamisha kazi zote hadi kesi isikilizwe. Mti wa miaka mia mbili haurudishwi kwa hukumu. Kuhusu gharama, Katiba inataka kesi za haki za msingi zifunguliwe bila ada. Nauli, fotokopi na wakili hazimo humo. Wekeni mchango mapema.

15. Kuna mkutano wa "maoni ya wananchi" kuhusu mradi. Tuhudhurie au tususie?

Hudhurieni. Kususia kunaandikwa kama kukubali. Mradi mkubwa hauwezi kuanza bila leseni ya NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, na leseni inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ambayo wananchi wamepewa nafasi ya kuitolea maoni. Ombeni ripoti yenyewe, na msitosheke na muhtasari wenye picha za watoto wanaotabasamu. Tafuteni mahali inapotaja kaya. Nimeona ripoti iliyoiita kaya "kichaka cha pili", na nyingine iliyoweka mpaka wa mradi uishie hasa pale makaburi yanapoanzia, bila kusema kwamba barabara ya malori itapita juu yake.

Fomu ya mahudhurio ni mtego wa kawaida. Mnatia sahihi ya chai na nauli, ukurasa unabandikwa nyuma ya tamko la kuunga mkono mradi. Kabla ya kutia sahihi andika juu ya ukurasa kwa mkono wako: "Mahudhurio tu, si idhini." NEMA ikitoa leseni licha ya hayo yote, kuna Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na muda wa kukata rufaa ni siku 60. Hesabuni kwa vidole.

16. Wazee wawili wametia sahihi kwamba jamii imekubali. Imekwisha?

Haijaisha. Wazee wawili si jamii. Kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa, sheria ya 2016 inataka uamuzi wa kuitoa uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima. Na kwa desturi yenyewe, mambo mazito ya kaya ni ya kambi nzima, yaani baraza la wazee. Hakuna anayelala na ufunguo wa kaya chini ya mto wake.

Nenda nao polepole lakini. Mara nyingi wazee hao walisomewa karatasi ya Kiingereza, wakaambiwa ni ya kuomba kisima. Ukiwatangaza wasaliti sokoni, umempa mwekezaji mashahidi wawili. Ukiwarudisha barazani wakaapa hawakuelewa, umempokonya hati yake kuu.

17. Mwekezaji ameahidi shule, kisima na kazi kwa vijana. Si bora maendeleo?

Mimi sipingi hoteli. Nimelishwa na mshahara wa hoteli utotoni. Swali langu ni kwa nini ni lazima ikae juu ya makaburi wakati kando yake kuna ploti tele zinazouzwa. Msikikose kisima, lakini muulizeni: kama kaya ingekuwa kanisa au msikiti, angeomba kulibomoa apate nafasi ya bwawa la kuogelea?

Ahadi yoyote iwe kwenye mkataba wenye tarehe na adhabu. Na hesabuni pia upande wa pili: Kinondo inaingiza pesa kidogokidogo kila mwaka kwa kuacha miti isimame. Si utajiri. Ila mwaka ujao miti bado ipo.

## Visa vigumu

18. Kaya yetu ina madini chini. Tuna nafasi gani dhidi ya serikali yenyewe?

Someni kisa cha Mrima. Kilima cha Mrima, Kwale, ni msitu wa hifadhi na ni kaya iliyotangazwa mnara wa kitaifa, na chini yake kuna naiobiamu na madini mengine adimu. Machi 2013 kampuni ya kigeni ilipewa leseni ya kuchimba. Agosti mwaka huohuo serikali ikaifuta. Wawekezaji wakaishtaki Kenya katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Oktoba 2018 wasuluhishi wakatupilia mbali madai yao: leseni haikuwa halali tangu mwanzo kwa sababu masharti ya kisheria hayakutimizwa, yakiwemo ya tathmini ya mazingira na yale yanayolinda eneo lenyewe.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu miongoni mwa vilivyoiokolea nchi mabilioni ni matangazo ya zamani kwenye Gazeti Rasmi ambayo wengi waliyaona ni karatasi za kufungia karanga. Ila madini bado yako palepale, na hamu ya kuyachimba haijakwisha. Na Kaya Kauma, upande wa Jaribuni, imekuwa ikitishwa na uchimbaji wa chuma jirani, ambako shimo halimo ndani ya kaya lakini vumbi na malori vimo.

19. Na kama kimeshajengwa?

Kisiwa cha Chale, kusini ya Diani, kilikuwa na kaya. Miaka ya 1990 hoteli ilijengwa kwenye sehemu yake wazee wakipinga. Bado ipo. Sitawadanganya kwamba jengo lililosimama miaka thelathini litabomolewa kwa barua.

Kinachowezekana ni kuzuia lisipanuke, kudai njia na siku za wazee kuingia mahali pa tambiko palipobaki, na kuyaandika haya katika masharti ya leseni au mkataba wa pango unapofika wakati wa kuhuishwa. Pango la ardhi lina mwisho, hata kama ni la miaka mingi. Jueni mwisho wa pango ni lini. Vijana wenu ndio watakaokuwa mezani siku hiyo.

20. Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Kutetea kaya si ushirikina?

Wadigo wengi ni Waislamu, na miongoni mwa waliosimama mstari wa mbele kuitetea Kinondo wamo wanaoswali swala tano. Rabai ndiko wamishenari Krapf na Rebmann walikojenga kituo chao 1846, na kaya za Rabai zimeishi jirani na kengele ya kanisa tangu hapo. Hulazimiki kumwaga tambiko. Unaweza kuheshimu makaburi ya wazee wako na chemchemi inayokunywesha kijiji bila kubadili dini.

21. Wanaokata miti ni vijana wetu wenyewe. Tumshtaki nani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Kijana aliyekatiwa masomo kwa karo, mbele yake msitu na nyuma yake tajiri anayenunua boriti na makaa, utamweleza koma hadi uchoke. Faini ya mbuzi inafanya kazi pale ambapo baba yake ana mbuzi.

Nilipoona mafanikio ni pale walipopanda mivinje kwenye mashamba ya pembeni, boriti zikauzwa kutoka huko, na vijana walewale wakawa walinzi wa kaya kwa posho. Mkata miti anajua njia zote za msitu. Hakuna askari bora. Mnunuzi wa boriti, huyo ndiye wa kushtaki.

22. Wazee wanaogopa kujitokeza kwa sababu ya madai ya uchawi. Tufanyeje?

Hofu hiyo si ya kufikirika. Kilifi na Kwale wazee wamechomwa na kukatwa mapanga kwa kisingizio cha uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi kuna shamba. Mzee anayejua mipaka ni shahidi. Akifa, mpaka unakufa naye.

Rekodini ushuhuda wao sasa, kwa video, mbele ya wakili au kamishna wa viapo, wakitembea mpakani na kutaja kila jiwe na mti. Msimwache mzee mmoja awe uso wa kesi. Barua zote zitiwe sahihi na watu kumi. Vitisho viripotiwe kituoni siku hiyohiyo na namba ya ripoti itunzwe.

23. Si kaya ndizo zilizotumika kulishia viapo vya vita?

Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, wavamizi waliokusanyika katika msitu wa Kaya Bombo walishambulia Likoni na watu wengi wakauawa. Jina la kaya lilichafuka tangu siku ile, na kila mwaka wa uchaguzi maafisa hutazama msitu kwa jicho la pembeni. Ni doa la kweli, halifai kufichwa. Lakini mwanasiasa akifanyia njama zake uwanja wa mpira, hatujengi maduka uwanjani. Wazee wenye busara huwaandikia maafisa wa usalama mapema, wakisema nani ana idhini ya kuingia na lini.

24. Vigango vilivyoibwa vinahusiana na haya?

Vinahusiana kuliko watu wanavyodhani. Kigango ni nguzo ya kumbukumbu ya mwanachama wa chama cha Gohu cha Wagiriama, na husimikwa bomani, si lazima ndani ya kaya. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Kimoja kilichoibwa 1985 kilirudishwa kwa jamaa zake 2007 baada ya mtafiti kukitambua katika makumbusho ya Marekani. Kilichokirudisha ni picha ya zamani iliyopigwa kikiwa bado kimesimama nyumbani. Basi pigeni picha vyenu leo.

25. Tuweke ukuta kuizunguka kaya?

Ukuta, hapana. Unawazuia mbega na wanyama wengine wanaohama kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine, unagharimu kuliko kesi, na siku moja mtu atadai ukuta ndio mpaka na ardhi ya nje ni yake. Mstari wa miti inayojulikana, mawe yaliyopimwa na mpimaji wenu wenyewe, na ramani iliyosajiliwa vinatosha. Kibao chenye namba ya tangazo la Gazeti Rasmi kiwekwe kwenye kila njia ya kuingilia.

26. Mti mkubwa umeangushwa na upepo, umelala unaoza. Naweza kuchukua mbao?

Katika kaya nyingi hapana, hata tawi. Nenda kwa mzee ukapige hodi, umweleze umelala upande gani. Ikiwa umeziba njia ya kuingilia atakuja yeye na wenzake kuukata palipoziba tu, na vipande vitasukumwa pembeni viozee humohumo.